Je, Kuamini Kadari Kwatuzuia Kuuliza? Neno Juu ya Wagonjwa Mahututi na Jamaa Zao

Limeletwa mbele ya darsa letu suala ambalo tumeliona si la nyumba moja, bali ni la nyumba nyingi katika miji yetu ya pwani, na kwa sababu hiyo tumependa kulijibu kwa maandishi ili faida yake ienee.

Suala lenyewe ni hili. Bibi mmoja, mtu mzima, alishikwa na maradhi ya mapafu, akapelekwa hospitali, akatiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akawekewa mashine ya kupumulia kwa muda wa siku kumi na saba. Mwenyezi Mungu akamjaalia akapona maradhi yale yaliyompeleka. Lakini alirudi nyumbani na mambo matatu ambayo hakwenda nayo: kidonda kikubwa cha mgongo kilichotokana na kulala, miguu isiyoweza kumchukua hata kufika chooni, na hofu ya usiku imfanyayo apige kelele kwamba kuna watu wanaomfunga mikono wapate kumtupa baharini. Watoto wake wakakhitilafiana. Mkubwa asema: hii ni kadari, mama yu hai, tushukuru na tunyamaze, kwani kuuliza ni upungufu wa imani. Mdogo asema: mama amedhulumiwa, twende mahakamani. Wa tatu, naye ni binti, asema mama ameingiliwa na shetani, atafutiwe mganga. Na mama mwenyewe, katika mjadala wote huo, hakuna aliyemwuliza neno.

Hatuwezi kutoa hukumu juu ya kitu kabla ya kukijua, basi na tuanze kwa kukijua chumba chenyewe. Vyumba hivi si vya zamani sana. Asili yake ni mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, mwaka 1952, ulipoingia ugonjwa wa polio uliowazuia wagonjwa wengi kuvuta pumzi. Daktari mmoja, jina lake Bjørn Ibsen, aliona kwamba mgonjwa wa namna hiyo aweza kuokolewa kwa kutobolewa tundu kooni na kutiwa mpira, kisha mtu akawa anamsukumia pumzi kwa kubinya mfuko kwa mkono wake. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari kwa mamia, wakapokezana zamu usiku na mchana, na wengi waliokuwa wamekwisha kuhesabiwa katika wafu wakaishi. Mwaka uliofuata, 1953, Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa wa hali hiyo. Tangu hapo kazi ya ule mkono ikachukuliwa na mashine, na vyumba hivyo vikaenea ulimwenguni mpaka vikafika kwetu.

Hiyo ni neema, wala hatumjui mwenye akili awezaye kuikanusha. Lakini kila kinachookoa katika chumba hicho kina upande wake wa pili. Mpira unaopeleka pumzi mapafuni ndio huo huo unaovifungulia njia vijidudu vya maradhi. Dawa ya usingizi humpumzisha mgonjwa, nayo huivuruga akili yake. Kulala kimya kwamfaa mtu aliye taabani, nako huikata ngozi ya mgongo na kuikondesha misuli kwa siku chache tu. Sindano iliyo katika mshipa mkubwa huingiza dawa, na huenda ikaingiza sumu katika damu. Madaktari wayajua madhara haya, na wana njia za kuyapunguza: kuinua upande wa kichwa wa kitanda, kumgeuza mgonjwa kila baada ya muda, kuosha mikono, kuipunguza dawa ya usingizi ionekane kama mgonjwa aweza kuamka, na kuanza mapema kumnyoosha viungo. Njia hizi zikifuatwa madhara hupungua, wala hayatoweki yote.

Ama lile la shetani, twataka kulikata upesi, kwani ndilo linaloweza kuleta hasara kubwa kuliko mengine. Kuweweseka kwa mgonjwa mahututi ni jambo lijulikanalo na lililopimwa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2004, wagonjwa zaidi ya 8 katika kila 10 waliokuwa katika mashine ya kupumulia walipatwa na hali hiyo. Je, mashetani waliwaingia wote hao? Tumfikirie mtu aliyelala katika chumba ambacho taa zake hazizimwi, asijue usiku wala mchana. Anasikia vyombo vinalia, anaona watu waliofunika nyuso wakimwinamia, ana mpira kinywani hawezi kusema. Na mara nyingine mikono yake hufungwa kitandani kwa kitambaa ili asiuchomoe mpira huo. Bibi huyu asemapo kwamba watu wamemfunga, huenda anaeleza jambo lililotendeka kweli. Na asemapo bahari, huenda ni sauti ya makohozi yakinyonywa kooni mwake kwa mpira, akaisikia katika usingizi wa dawa kama maji. Atapelekwa kwa mganga kutolewa shetani asiyekuwamo, na fedha zitakwenda, na hofu yake itazidi, kwa sababu watu wa nyumbani mwake wamemthibitishia kwamba wale maadui ni wa kweli.

Dawa ya hofu hii kwa sehemu kubwa ni kuelezwa. Huko Denmark na nchi jirani zake wauguzi walibuni jambo jepesi ambalo halikuhitaji mashine. Huweka daftari kando ya kitanda, wakaandika kila siku, wao na jamaa, yaliyompata aliyelala: leo ulikuwa na homa, leo mwanao alikuja akakushika mkono, leo tulikufunga mikono kwa sababu uliuvuta mpira. Mgonjwa akiisha kupona husomewa, naye hupata kupambanua kati ya yaliyokuwa na yale aliyoyaota. Lipo jambo gani hapo ambalo watu wetu hawaliwezi? Daftari hupatikana katika kila duka, na vijana wetu wote wajua kuandika.

Sasa tuje kwa mtoto mkubwa, mwenye kusema kwamba kuuliza ni upungufu wa imani. Twamheshimu kwa subira yake, lakini twasema amechanganya masuala mawili. Liko suala la kwanza: kwa nini limenipata mimi nisimpate jirani yangu? Hilo jawabu lake ni kadari, na mwenye kulifuata zaidi ya hapo hujichosha bure. Na liko suala la pili: limetokeaje? Ni kitu gani kilichofanywa, na kipi kilichoachwa? Suala hili la pili kadari hailifungi. Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Shamu, akapata habari ya tauni, akarejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba kule kurejea nako kumo ndani ya kadari hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba kutafuta habari, kupima na kuchukua hadhari hakumtoi mtu katika kuridhia. Na mtu akiibiwa ng'ombe, je, hamwulizi mchungaji wake alikuwa wapi? Yule mwenye kuuliza habari za ng'ombe akanyamaza kwa habari za mama yake, hatuoni kwamba imani ndiyo iliyomnyamazisha. Twaogopa kwamba ni haya, au ni hofu ya wakubwa, imevishwa nguo ya imani.

Na kadari ikigeuzwa kuwa pazia, watu wawili hufaidika kwa yasiyo haki yao: mzembe aliyefanya taksiri, kwa kuwa hataulizwa, na yule atakayefuata kuzembea, kwa kuwa ameona hakuna aulizwaye. Atakayepata hasara ni mgonjwa atakayelala katika kitanda hicho hicho mwezi ujao.

Ama mtoto mdogo, mwenye kutaka mahakama kabla ya kujua, naye amekosa kwa upande wake. Si kila madhara ni dhulma. Wanazuoni wetu waliyapambanua mambo haya karne nyingi kabla ya kuwako mashine hizi. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, yaani 1350, katika kitabu chake Zadul Maad aliwagawa matabibu mafungu matano. Tabibu hodari aliyeruhusiwa kutibu, akaifanya kazi yake kama ipasavyo, wala mkono wake haukukosea, kisha madhara yakazuka kutokana na yale aliyoruhusiwa kuyafanya, huyo hana dhamana. Mjinga aliyejitia utabibu, huyo ana dhamana. Hodari aliyeruhusiwa lakini mkono wake ukateleza ukaharibu kiungo kizima, ana dhamana ingawa hakukusudia. Hodari aliyejitahidi katika kuchagua dawa akakosea, kisha mgonjwa akafa, fidia ipo, ikabaki kutazamwa ni nani wa kuilipa. Na wa tano ni yule aliyetibu bila ya ruhusa.

Zingatieni, enyi ndugu, jinsi mizani hii ilivyo ya haki kwa pande zote mbili. Haikumwachia tabibu afanye apendavyo, wala haikumtwisha kila lililotokea. Lakini mizani haipimi kitu kisichowekwa juu yake. Kidonda cha yule bibi ni cha fungu gani? Ikiwa alikuwa taabani hata kila wakimgeuza moyo wake wataka kusimama, wakaona waache mgongo uumie kuliko roho itoke, basi hilo ni la fungu la kwanza, na waliofanya hivyo wastahiki shukrani. Na ikiwa aliachwa kwa ubavu mmoja kutwa kucha kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwangalia, hilo ni jambo jingine kabisa. Kidonda ni kimoja kwa macho, na hukumu ni mbili. Aliye nje ya mlango hawezi kujua ni ipi mpaka aambiwe. Kwa hivyo mkubwa aliyesamehe bila ya kujua na mdogo aliyeshtaki bila ya kujua wote wawili wamehukumu gizani. Na msamaha wa mtu asiyejua anachokisamehe hatuoni kama una uzito mkubwa.

Hapo ndipo twasema neno letu lililo kubwa katika makala haya: habari ya yaliyompata mgonjwa ni amana iliyo mikononi mwa waliomtibu, na mwenye amana hiyo ni mgonjwa kwanza, kisha jamaa zake. Amana hairejeshwi kwa kuombwa tu. Hurejeshwa kwa sababu si yako.

Twajua kwamba madaktari na wauguzi wana udhuru wao. Vitanda ni vichache na wagonjwa ni wengi, na muuguzi mmoja huwatazama wawili watatu mahali panapotaka mmoja kwa mmoja. Lakini mara nyingi tumeona jamaa wakiambiwa habari nzito wamesimama mlangoni, kwa haraka, kwa Kiingereza kilichojaa maneno ya kitabibu, na mzee wa watu akiitikia kwa kichwa kwa haya ya kusema kwamba hakufahamu. Hapo habari imetoka kinywani mwa mwenye kusema wala haikufika. Huko Ufaransa ulichapishwa utafiti mwaka 2007 juu ya jamaa za wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa katika vyumba hivi. Baadhi yao walikalishwa chini kwa mazungumzo yaliyopangwa, wakapewa na kijitabu. Wengine walizungumziwa kama ilivyokuwa desturi. Mazungumzo ya kwanza yalichukua kadiri ya dakika 30, na hayo mengine dakika 20. Na katika muda huo, jamaa wa kundi la kwanza walisema wao wenyewe kwa dakika 14, na wa pili kwa dakika 5. Baada ya miezi mitatu, waliopewa nafasi ya kusema walikuwa na mfadhaiko mdogo kuliko wenzao. Mgonjwa hakuponywa kwa dakika zile, lakini waliobaki nyuma walipona kwa kiasi.

Wala jambo hili si dogo. Utafiti mwingine wa huko Ufaransa, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kiasi cha thuluthi moja ya jamaa za wagonjwa mahututi walikuwa na dalili za mshtuko wa moyoni miezi mitatu baadaye, na walioona kwamba hawakupewa habari za kutosha walikuwa katika hatari zaidi. Tukumbuke sisi wenyewe miaka ya 2020 na 2021, wakati wa korona, jamaa walipozuiwa kuingia, wakangoja simu isiyokuja. Wako watu katika miji yetu ambao hata leo hawajui mzee wao alikufaje, na jeraha hilo halijafunga.

Watakuja wenye hoja, nasi twataka kuzijibu kwa insafu.

Watasema: daktari akikiri kosa atashtakiwa, basi kunyamaza ni kujilinda. Twajibu kwamba hata kwa hesabu ya dunia hoja hii haijathibiti. Hospitali ya askari wastaafu katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, huko Marekani, ilishika tangu mwaka 1987 mwendo wa kuchunguza kila kosa, kumwambia mgonjwa au jamaa zake waziwazi, kuomba radhi na kutoa fidia panapostahiki. Hesabu zao zilipotangazwa mwaka 1999, ilionekana kwamba mwendo huo haukuwafilisi, na malipo yao yalikuwa ya kadiri, mfano wa hospitali nyingine za namna yao. Watu wengi hupelekwa mahakamani na kule kufichwa zaidi ya kuumia kwenyewe.

Watasema: jamaa wakiuliza sana, mgonjwa wao atachukiwa na wauguzi naye yuko mikononi mwao. Hofu hii twaijua, na ni aibu kwamba ipo. Dawa yake ni kuuliza kwa adabu. Nyumba ichague mtu mmoja, mwenye utulivu, awe ndiye msemaji, wala wasiingie kumi kila mmoja na ukali wake. Aulize: mgonjwa wetu amepatwa na nini kipya leo? Mwalikitarajia? Kimefanywa nini? Sisi twaweza kusaidia nini? Muuguzi mwema hafurahii kitu kama jamaa wa namna hii, na asiye mwema atajua kwamba kuna jicho.

Na watasema: mgonjwa mwenyewe asiambiwe, atavunjika moyo. Hii ndiyo hoja tunayoiona nzito kuliko zote, kwa kuwa hutoka katika mapenzi. Ni kweli kwamba wakati una hukumu yake. Aliye katika homa kali hasomewi hesabu ya maradhi yake, na yako mambo hupewa kwa kijiko, kidogo kidogo. Lakini kuchelewesha ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine. Mwili uliotobolewa ni wake, na hofu ya usiku ni yake. Mtu mzima mwenye akili timamu akifanywa mtoto katika habari za mwili wake, amenyang'anywa kitu ambacho hata maradhi hayakumnyang'anya. Na tusidhani kwamba asipoambiwa hajui. Huutazama mgongo wake kwa vidole, huzitazama nyuso zetu, kisha hujitungia habari iliyo mbaya kuliko ile tuliyomficha.

Basi jawabu letu kwa nyumba ile ni hili. Kwanza, mkae na mama yenu, mmwulize yeye: waikumbuka siku gani, uliona nini, wataka kujua nini? Mmsikilize mpaka amalize, msimcheke wala msimsomee kana kwamba ana shetani. Kumwombea dua ni jema kila wakati, lakini dua si badala ya kumsikiliza. Pili, mwende hospitali kwa upole, mwombe kukaa na daktari aliyemtibu, naye mama awepo akitaka, mwelezwe siku zile kumi na saba kwa lugha mnayoifahamu. Hilo si fadhila ya mtu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, tena kwa lugha anayoielewa, na yampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko juu ya namna alivyotendewa. Tatu, mkielezwa mkaona walijitahidi, semeni ahsante kwa ulimi, kwani watu wale husikia lawama nyingi na shukrani chache. Nne, mkiona kuna taksiri, au mkifungiwa mlango, basi kudai si utovu wa subira. Liko Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na iko mahakama, na mama yenu ndiye mwenye haki ya kudai au kusamehe. Akisamehe baada ya kujua, huo ndio msamaha. Tano, kidonda kitazamwe na mwenye kujua, miguu izoezwe kila siku japo kwa hatua tatu, na hofu ikizidi apelekwe kwa tabibu wa maradhi ya akili, kwani si aibu.

Na kwa ndugu zetu wengine ambao hawajafikwa na jambo hili, twasema: zungumzeni nyumbani mwenu leo, mngali na afya, ni nani atakayesema kwa niaba ya nani siku ulimi utakapozuiwa na mpira. Na enyi vijana wetu mliosomea uganga na uuguzi, ambao tunajivunia kuwaona katika nguo nyeupe: mtakapotoka katika chumba kile mkamkuta mzee amekaa kwenye benchi ameshika tasbihi, msimpite. Kaeni naye, mseme naye kwa Kiswahili chake, mumwambie lililotokea kama lilivyotokea. Hamtapungukiwa na kitu, naye atalala usiku ule.

Wabillahi taufiki.